Reubeni Alirudi Akakuta Shimo Tupu

Somo: Mwanzo 37:12–35



Mahubiri haya mliyasikia ile Jumapili watoto walikuwa nyumbani kwa mapumziko ya nusu muhula. Ndugu anayetayarisha kijarida hiki amenidai wiki tatu, na mimi nimekuwa nikimzungusha kama mtu mwenye deni la duka. Sababu ni kwamba siku ile baada ya ibada mama mmoja alinifuata na neno, na neno hilo likanirudisha kwenye somo upya. Kwa hivyo mkiona hapa mambo ambayo hamkuyasikia madhabahuni, msishangae. Mama mwenyewe ameniruhusu niandike bila jina, na vitu vingine vidogo nimevigeuza ili asitambulike.

Tuanze na shimo.

Yakobo anamtuma Yusufu akawaangalie ndugu zake malishoni. Kijana ana miaka kumi na saba. Fikiria umri huo vizuri: ni wa kidato cha tatu au cha nne. Anawakosa Shekemu, anaelekezwa Dothani, na wao wanamwona akija kwa mbali na lile vazi lake. Wanamvua, wanamtupa shimoni, halafu wanakaa chini kula. Hapo mimi huwa nashtuka kila mara. Mtoto analia ndani ya shimo na wenzake wanakula mkate.

Tukihubiri habari hii huwa tunakimbilia ndoto, tunakimbilia Misri, tunakimbilia kuinuliwa. Kila mtu anataka kuwa Yusufu. Sijawahi kusikia mtu akisimama kwenye ushuhuda aseme kwamba katika hadithi hii yeye ni Simeoni. Lakini kama ndugu walikuwa wengi na Yusufu alikuwa mmoja, basi kwa hesabu ya kawaida tu, wengi wetu hatukuwa shimoni. Tulikuwa tunakula.

Na kuna mmoja ambaye anaweza kujifanya mtu mwema. Reubeni, mzaliwa wa kwanza. Kwa lugha ya shule, huyo ndiye kapteni wa bweni. Yeye hakutaka damu imwagike. Alisema tusimuue, tumtupe tu shimoni, na moyoni mwake alipanga kurudi baadaye, kimya kimya, amtoe na kumrudisha kwa baba. Mpango mzuri. Hakumwambia mtu. Kisha akaondoka kwenda shughuli zake, Biblia haisemi ni zipi, na aliporudi shimo lilikuwa tupu. Yusufu alikuwa ameshauzwa kwa vipande ishirini vya fedha. Reubeni akararua nguo zake. Miaka mingi baadaye, wakiwa Misri wamebanwa, bado anawakumbusha wenzake kwamba yeye aliwaambia. Ni kweli aliwaambia. Lakini alipoona hawamsikii vizuri, alinyamaza na kungoja wakati mzuri.

Mimi namjua Reubeni kwa sababu nimekuwa yeye.

Nikiwa kidato cha tatu nilikuwa kapteni wa bweni katika shule moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa tayari nimeokoka, naongoza maombi ya asubuhi. Viranja tulilala kwenye vichumba vya mbao kwenye kona ya bweni. Usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa nikasikia kofi. Halafu sauti ya mtoto akilazimishwa kuimba. Halafu kofi lingine. Nilijua ni nani na nani. Nikajiambia, kesho asubuhi nitamwita yule mkubwa nimkanye, na yule mdogo nitampa sukari kidogo, nimtie moyo. Nikalala. Nawaambia ukweli mbele za Mungu, nililala vizuri.

Asubuhi kitanda cha yule mono kilikuwa kitupu, blanketi imekunjwa. Alikuwa ameruka ua usiku akatembea mpaka kwao. Wiki moja baadaye baba yake alikuja kuchukua sanduku. Alikuja kwa baiskeli, na hakukuwa karibu. Deputi akanituma nimpeleke bwenini. Tukiwa pale mzee akaniuliza, “Kijana wangu, mtoto alipatwa na nini hapa? Nyumbani hasemi.” Nikamjibu, “Alikuwa anaugua-ugua, mzee.” Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili akaniombea baraka kwa kumtunza mwanawe. Nikamsaidia kufunga lile sanduku la bati nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira.

Mnakumbuka ndugu zake Yusufu walimpelekea baba yao nini? Vazi, limechovywa kwenye damu ya mbuzi. Hawakusema uongo kwa maneno mengi. Walimwachia mzee vazi, mzee akajitungia hadithi mwenyewe. Mimi nilimpa yule mzee sanduku.

Sasa, mnajua nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na wazee wetu huniita pasta wa mahesabu. Wacha nifanye hesabu. Mtoto anaingia shule ya bweni. Anachukuliwa sukari, sabuni, pesa ya mfuko, usingizi. Anaambiwa, ngoja, na wewe zamu yako itakuja. Anasubiri mwaka mzima. Zamu yake ikifika, hamdai yule aliyemwumiza, kwa sababu huyo ni mkubwa au ameshamaliza shule. Anamdai mtoto ambaye hakuwepo kabisa siku ile, ambaye wakati huo alikuwa huku Matisi anacheza mpira wa karatasi za plastiki.

Mnakumbuka zile piramidi za mwaka wa 2006 na 2007, zilizoingia mpaka makanisani? Waliotangulia walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma. Hakukuwa na biashara yoyote pale katikati. Hakuna kilichopandwa, hakuna kilichovunwa. Piramidi ya pesa huanguka siku watu wapya wanapokosekana. Piramidi ya shule haianguki, kwa sababu kila Januari wapya wanaletwa, na tunawaleta sisi wenyewe, na godoro tumewanunulia.

Lakini angalieni jambo ambalo wengi hatujalitazama. Kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia mwaka wa 2024. Mwaka wa 2025 hakuna aliyeingia sekondari nyuma yao, kwa sababu watoto wa mtaala mpya walikuwa bado gredi ya tisa. Januari hii ya 2026 ndipo gredi ya kumi wameripoti. Maana yake, wale waliokuwa wa mwisho 2024 walikaa miaka miwili mizima wakiwa wa mwisho. Sasa wako kidato cha tatu, na kwa mara ya kwanza wana watu chini yao. Wana deni la miaka miwili. Hesabu hii si yangu, nilipewa na kijana mmoja wa kidato cha tatu, na nitawafikisha kwake.

Kwanza tuongee juu ya neno tunalolipenda sana sisi wazazi. “Hata sisi tulipitia.”

Nimelisikia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye kikao cha wazazi. Baba anaambiwa mtoto wake analala sakafuni kwa sababu mkubwa amechukua godoro, anacheka. Hata sisi tulipitia, na tumekuwa wanaume. Ndani ya neno hilo kuna swali zito kuliko linavyoonekana: je, mateso ndiyo bei halali ya kukomaa? Kwa sababu kama ni bei halali, basi anayemtesa mtoto wangu ananifanyia kazi, na inanipasa nimlipe.

Jibu langu la kwanza ni la mtu wa mahesabu. Anayesema “tulipitia” ni yule aliyepita. Aliyekwama hayupo kwenye kikao. Hatukumwalika. Yule mono wa bweni langu hawezi kusimama kwenye mkutano wa waliosoma pale aseme mambo yalimkomaza, kwa sababu haalikwi, hakumaliza. Ukihesabu waliovuka mto peke yao, utasema mto huu hauna mamba.

La pili ni gumu zaidi, kwa sababu linatoka kwenye somo letu lenyewe. Mtu anaweza kuniambia: Pasta, si Yusufu mwenyewe, akiwa mkubwa Misri, aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya lakini Mungu aliyageuza kuwa mema? Bila shimo hakuna Misri, bila Misri watu wengi wangekufa njaa. Basi shimo lilikuwa zuri.

Hapana. Ndugu zangu, sisi ni wakulima wa Trans Nzoia. Mwaka mwingine mvua ya mawe inapiga mahindi yakiwa kifuani, majani yanachanika kama nyuzi, na bado mtu anavuna magunia kadhaa, na anamshukuru Mungu, na ana haki ya kushukuru. Lakini sijaona mkulima hata mmoja, kuanzia hapa hadi Endebess, akiomba mawe. Hakuna ofisa wa kilimo anayetufundisha kupiga mahindi kwa fimbo mwezi wa sita ili yakomae. Mungu kuweza kutoa chakula kwenye shamba lililoharibiwa ni sifa ya Mungu. Si sifa ya mawe. Tukichanganya hayo mawili, tunachukua neema tunaifanya kuwa mbinu ya malezi.

Na angalieni, Yusufu alisema maneno yale yeye, aliyekuwa shimoni. Ndugu zake hawakuthubutu kuyasema. Kuna maneno ya msamaha ambayo ni ya aliyeumizwa peke yake kuyatamka. Mzazi akimwambia mtoto aliyevimba jicho kwamba Mungu ana kusudi, anamnyang’anya mtoto neno ambalo labda angelisema mwenyewe baada ya miaka ishirini.

Msifikiri haya ni mambo ya shule zisizo na dini. Alliance High School, pale Kikuyu, ilianzishwa mwaka wa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Ni shule ambayo kila mzazi nchini angefurahi mtoto wake aitwe. Mwaka wa 2017 nchi nzima ilisoma kwamba wavulana wa kidato cha kwanza pale walikuwa wakiamshwa usiku na kupigwa na wakubwa wao, viranja wakiwemo. Wizara ya Elimu ilituma wachunguzi, na mkuu wa shule akastaafu mapema. Kinachonisumbua mimi si kwamba yalitokea. Ni jinsi watu wazima wengi walivyojibu siku zile: huo ni utamaduni wa shule kubwa, tuliupitia.

Na deni hili likikataa kwenda chini, wakati mwingine hupanda juu. Nyeri High School, Mei 1999, wanafunzi waliwafungia viranja wanne ndani ya kichumba chao wakiwa wamelala, wakamwaga petroli, wakawasha. Wote wanne walikufa. Walikuwa watoto wa watu. Siwezi kuandika habari hiyo bila kukumbuka kile kichumba changu cha mbao.

Basi mzazi afanye nini? Hapa wengi wetu tuko mahali pawili tu. Ama tumenyamaza, ama tunafika kwenye geti la shule tukiwaka moto. Nimewahi kumsindikiza baba mmoja wa aina ya pili. Alimfokea mwalimu wa zamu mbele ya darasa, akataka kumwona “huyo mkora” ana kwa ana. Mwalimu naye akasimama kuitetea shule, kama mtu yeyote anavyotetea boma lake. Tukaondoka. Mtoto akabaki. Usiku ule alipewa jina la mtoto wa mama, na mambo yakawa mabaya mara mbili. Yule baba alikuwa na haki yote, na haki yake haikumsaidia mtoto hata kidogo.

Shida ni kwamba tunaenda shuleni siku ya moto tu. Siku zingine zote mambo yetu na walimu ni karo na gredi. Jiulize mwenyewe, mara ya mwisho kwenye mkutano wa wazazi uliuliza nini? Tunauliza pesa ya chakula imepandaje. Tunauliza mbona hesabu wamepata D. Sijasikia mzazi akinyoosha mkono aulize: watoto wapya wanalala na nani? Usiku taa zikizimwa, mtu mzima aliye karibu na bweni ni nani na anazunguka mara ngapi? Mtoto akitaka kushtaki kiranja, anamshtakia nani, ikiwa mlango wa kwanza wa malalamiko ni kiranja huyohuyo? Je, kuna kitabu ambacho kesi hizi zinaandikwa, na nani anakisoma mwisho wa muhula? Dukani, kisichoandikwa kinaibiwa. Shuleni ni vivyo hivyo. Mkuu wa shule akijua wazazi watauliza kitabu kila muhula, kitabu kitakuwepo.

Na maswali hayo si ya kuomba kwa unyonge. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa njia yoyote, ya mwili au ya akili. Anayevunja anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inasema kila shule ya umma iwe na Chama cha Wazazi, na kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama. Si lazima uchaguliwe. Kati ya kazi za chama hicho ni kusaidia shule katika kuwafuatilia wanafunzi, ushauri na nidhamu. Yaani si harambee ya basi peke yake. Kwenye Bodi ya Usimamizi kuna viti sita vya wawakilishi wa wazazi, na vitatu vya mdhamini, ambaye mara nyingi ni kanisa. Viti vitatu! Mara nyingi tunawaweka pale wazee wa heshima wakafungue mkutano kwa sala na kunywa chai. Na mtoto ambaye hana wa kumwambia kabisa, nambari 116 ni ya bure, mchana na usiku. Iandike ndani ya kifuniko cha sanduku lake, asiitafute siku ambayo machozi yamemjaa.

Kwamba kazi hii inaweza kuzaa matunda, tunayo mifano. Norway, mwishoni mwa mwaka wa 1982, wavulana watatu walijiua, na ikaonekana walikuwa wameonewa sana na wenzao. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilianza kampeni shule zote, na mtafiti Dan Olweus akafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 mjini Bergen. Katika miaka miwili uonevu ulipungua kwa takriban nusu. Hawakutumia dawa ya ajabu. Watu wazima waliwekwa kwenye vile viwanja na korido ambako uonevu hutokea. Sheria zikawa chache na zikaeleweka. Na wazazi waliitwa pande zote mbili, wa aliyeumizwa na wa aliyeumiza.

Hapo kwenye pande mbili ndipo tunapokwama. Mkutano wote wa wazazi ukikaa, kila mmoja amekuja kama mzazi wa Yusufu. Hakuna aliyekuja kama mzazi wa wale wengine. Lakini Yakobo alikuwa mzazi wa wote. Vazi ni lake, chuki ni ya nyumba yake, na Biblia inasema ndugu walikuwa hawawezi hata kuongea na Yusufu kwa amani. Mzee aliona. Akamtuma mtoto peke yake malishoni hata hivyo.

Sasa nirudi kwa yule mama.

Aliningoja mpaka watu wakaisha, akanivuta nyuma ya viti vya plastiki. Mwanawe wa kidato cha tatu alikuwa amekuja nusu muhula na begi zito kuliko alivyoondoka nalo. Ndani mama alikuta taulo mbili mpya na kalkuleta, jina la mtu limekwaruzwa kwa wembe. Kijana alisema amepewa na rafiki. Usiku mama akamketisha jikoni, bila kufoka, akamwuliza tena. Akasema, “Mama, na mimi si walinichukulia? Tumekaa miaka miwili bila mtu.”

Mama akaniambia kwamba hapo alikosa la kusema, kwa sababu alikumbuka. 2024, muhula wa kwanza, mtoto alikuja bila blanketi. Yeye alimwambia avumilie, huko ni shule, akanunua nyingine.

Nilimjibu nini? Nilimjibu, “Tuombe, Mama.”

Akaniangalia. “Pasta, nimeomba tangu Ijumaa. Nauliza nifanye nini. Nikimpeleka kwa mwalimu watamfukuza, na karo nimelipa kwa mkopo wa chama. Nikinyamaza, kuna mama mwingine mahali anatafuta pesa ya taulo.”

Nilikuwa nimetoka tu kuhubiri Reubeni dakika arobaini. Na mbele yangu nilitaka kufanya kama yeye tena: nimwambie tungoje, nitapiga simu, nitaongea na kijana faraghani, wakati mzuri utafika. Pia niseme wazi, sikuwa na hakika kwamba kumpeleka ni haki kwa kijana. Yeye pia alikuwa shimoni. Kuna watakaosoma hapa waone mama amemtoa mwanawe sadaka. Nimelifikiria sana. Ninachoweza kusema ni kwamba kumficha kungemfundisha kuwa mama yake pia yuko kwenye piramidi.

Tulienda siku ya kufungua, mama, kijana na mimi. Mama alikuwa amefua zile taulo na kuzipiga pasi ya makaa. Deputi alizitazama mezani kwa muda mrefu. Akasema miaka yote aliyofundisha, wazazi huja kudai vitu, hajaona aliyekuja kurudisha. Kisha akafunga mlango, na kijana akaongea. Hakuwa peke yake kwenye mambo hayo, na walioumizwa hawakuwa wawili. Mwakilishi wa wazazi wa darasa aliitwa, na siku mbili baadaye wazazi wa watoto watatu wa gredi ya kumi wakaja, nasi tukarudi.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana. Mama mmoja alilia, mwingine hakutaka hata kumsalimia mama yetu. Kijana alipewa wiki mbili nyumbani, na wengine wawili pia. Shule imekubali kuhamisha watoto wapya walale bweni lililo karibu na nyumba za walimu, na kitabu kimefunguliwa. Mwakilishi wa wazazi atakisoma kila mwisho wa mwezi. Kama kweli atakisoma, tutajua. Kijana wetu sasa anaogopa kurudi, kwa sababu amewataja wenzake, na bwenini jina la mtu kama huyo si zuri. Mama yake pia anaogopa. Deni la chama liko palepale.

Tukiwa tunatoka, baba wa mwenye kalkuleta akanisimamisha kwenye baraza. Mtu mpole, mikono ya kazi. Akaniuliza mimi ni nani wa huyu kijana. Nikasema ni mchungaji wake. Akatikisa kichwa polepole, akasema, “Ni vizuri. Na wangu, wakati wote huo, alikuwa na nani?”

Sikuwa na jibu. Nilichukua nambari yake ya simu, nikaiandika nyuma ya karatasi ya mahubiri haya. Jumamosi naenda kuwaona, yeye na mtoto. Jumatatu namsindikiza kijana wetu kurudi shuleni.